Klachi

Mguu huu wa kushoto
umenilisha miaka ishirini na miwili.
Ndio mguu wa klachi.
Wa kulia hukanyaga tu, wa kushoto hufikiri:
hivyo nilivyowaambia wasichana wa Seeb,
ncha za abaya zao zimebanwa mlangoni,
viganja vyao vimelowesha usukani.
Achia taratibu, mwanangu. Taratibu.
Lisikilize gari. Litakwambia lenyewe likiwa tayari.

Sasa mguu hausikii, hausemi.
Umelala upande wangu kama mgeni.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huu una mwezi wa tatu,
na aliyeleta jembe ni Shijo, kijana wa Kerala,
mwenye Kiarabu cha kuokoteza kwenye korido za hospitali.
Jembe lenyewe ni kijukwaa cha mbao,
kimo chake vipande viwili vya sabuni ya kufulia.
Panda, mama. Shuka. Panda.
Nimewahi kupanda Jabal Akhdhar kwa gia ya kwanza
na mwanafunzi anayelia.
Sabuni hizi mbili zinanishinda.

Sakafuni amebandika utepe wa manjano,
amepanga koni sita, nipite katikati bila kugusa.
Nacheka kwa nusu ya mdomo inayocheka.
Mapipa! Hata humu kuna mtihani wa mapipa!

Ilikuwa Jumatatu, karibu na Burj al-Sahwa.
Ibtihal alikuwa kwenye usukani,
Ibtihal aliyefeli mapipa mara tatu.
Nilitaka kumwambia "washa ishara",
neno likatoka limepinda.
Mkono ukadondoka pajani, mzito, si wangu.
Hakuuliza kitu. Alinitazama mara moja tu,
akatia gia ya tatu, akatia ya nne,
akapita lori la maji upande ambao sikumfundisha kupita,
na hakulizima gari hata mara moja
mpaka mlango wa dharura.
Leseni hana bado.
Nasikia wiki iliyopita amefeli tena, kwenye mteremko.

Siku ya Jumatano Shijo hunifunga mkanda kiunoni.
Niegemee, mama. Zaidi. Uzito wote.
Kisha nitakuachia ghafla.
Mguu utajua.

Ghafla!
Miaka yote hiyo nahubiri taratibu,
leo nafundishwa ghafla na mtoto mwenye umri wa mwanangu Sulaiyam.
Mara ya kwanza mguu haukujua.
Nilining'inia mkandani
kama kondoo wa Idi anayepimwa kwenye mizani.
Mara ya pili ulikurupuka wa kulia, mwenye kiherehere.
Huo hapana, mama. Ule mwingine.
Mara ya tatu nilimtukana kwa Kiswahili,
tusi la Ng'ambo, la marehemu bibi yangu,
naye akaitikia, "Ahsante."

"Sikushiki," anasema sasa.
Uongo huo naujua. Nimejengea nyumba uongo huo.
Gari langu lilikuwa na breki mbili,
yao na yangu, huku kwa abiria,
na kila siku niliwaapia: mguu wangu uko mbali,
gari ni lako peke yako.
Nao ulikuwa unaelea juu ya breki, unene wa karatasi.
Basi sigeuki kumtazama.
Nausikia mkono wake nyuma ya mkanda,
haugusi, haupo mbali.

Naegemea.
Dirishani magari ya Al-Khoudh yanang'aa kwenye maegesho
na mtu mmoja anarudi nyuma vibaya,
natamani kumgongea kioo.

Anaachia.

Chumba kinakuja usoni, koni, utepe, viatu vya Shijo,
na kutoka chini, kutoka mbali sana,
kitu kinasogea. Kisigino kinaburuzika, vidole vimekunjamana,
hatua ya shubiri moja, mbaya, ya kupinda,
hatua ambayo ningemkata mtu alama.

Ya kushoto.

Nikashtuka, nikatikisika
kama gari mikononi mwa mwanafunzi.
Sikuzimika.